Naomba ushauri: mchwa wanamaliza miche ya kuni za mabani (majengo ya kukaushia tumbaku)

Habari za jioni ndugu zangu. Niko Urambo, Tabora. Majirani kadhaa tumeamua kupanda miti ya kuni za kukaushia tumbaku, maana misitu ya miombo inaisha na wafuga nyuki wanalia. Inaniuma sana kuona mninga ukiishia kwenye bani.

Tulianza na mikaratusi mvua zilipoanza. Ukichomoa mche ulionyauka unakuta udongo umeganda kwenye shina, gome limetafunwa, mizizi haipo. Majivu tumeweka, mvua ikayaosha. Sumu ya dukani naiogopa, mizinga iko jirani.

Je, mjohoro unahimili mchwa kuliko mkaratusi kwenye udongo wa kichanga? Na ipo njia ya kuwazuia isiyodhuru nyuki? Waliofanikiwa huko Kaliua au Sikonge, tafadhali tusaidieni.