Manukuu hayatokei kwenye runinga japo nimeyawasha

Mkazi_Tabata

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wanaozijua runinga kiundani.

Runinga ni ya Android, inchi 43. King'amuzi ni cha antena na kimeunganishwa kwa waya wa HDMI. Mtazamaji ni mama mzazi, usikivu wake umepungua. Kiswahili anasoma bila shida, Kiingereza kidogo. Nimeingia "Settings", nikafungua "Accessibility", kisha "Captions", nikawasha. Palepale kwenye menyu mfano wa maandishi unaonekana, ila nikirudi kwenye king'amuzi hakuna herufi hata moja, chaneli zote. Kitufe cha SUBT kwenye rimoti ya runinga nacho kinaniambia huduma haipatikani.

Kwenye flashi mambo ni nusu kwa nusu. Filamu nyingine maandishi hayaji kabisa ingawa faili lake lipo. Moja inaanza vizuri, ikifika katikati maneno yameshaachana na midomo. Na ipo yenye manukuu ya Kiswahili ambayo kila penye ng' panatoka alama za ajabu.

Kubwa kuliko yote ni taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Je, ipo njia ya kumpatia maandishi ya Kiswahili?

Fundi_Waya

Mkuu, runinga yako haina ubovu. Amri umeitoa kwa asiyehusika.

Manukuu huchorwa na kifaa kinachofungua kipindi. Kipindi kikifunguliwa na king'amuzi, king'amuzi ndicho chenye kuchora. Kikifunguliwa na YouTube ndani ya runinga, YouTube ndiyo inachora. Waya wa HDMI unapitisha picha iliyokwisha kukamilika pamoja na sauti. Maandishi hayana njia yake pembeni, kwa hiyo yakishindwa kuchorwa kabla ya kuingia kwenye waya, runinga haiwezi kujua kama yalikuwepo. Ndiyo maana SUBT ya rimoti ya runinga inakataa: ukiwa kwenye HDMI, runinga haina cha kusoma.

Dar es Salaam ilizima matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na tangu hapo nyumba nyingi runinga imebaki kioo tu, kazi ya kupokea mawimbi inafanywa na king'amuzi. Watu wengi bado wanahangaika na menyu ya runinga kwa mazoea ya zamani.

Sasa chukua rimoti ya king'amuzi. Tafuta SUBT, SUB au OPTION, bonyeza ukiwa ndani ya chaneli. Ikija orodha ya lugha, chagua. Orodha ikiwa tupu, chaneli hiyo haitumi manukuu wakati huo, na hakuna mpangilio utakaoyaleta. Usihukumu kwa chaneli moja, jaribu chaneli za filamu za nje pia. Kisha ingia menyu kuu ya king'amuzi, sehemu ya lugha, uweke lugha ya kwanza na ya pili ya manukuu. Ukiacha lugha ya kwanza ambayo haitumwi na ya pili ukaiacha wazi, ving'amuzi vingine havionyeshi chochote hata kama Kiingereza kinatumwa. Ukikuta chaguo la wenye usikivu hafifu, liwashe: hilo linaleta maandishi yenye kutaja sauti kama kengele, kicheko au mlango, siyo maneno ya mazungumzo peke yake.

Jaribio moja zaidi, kama runinga yako ina kipokezi cha DVB-T2 ndani, yaani cha matangazo ya dijitali ya antena. Chomoa antena kwenye king'amuzi, chomeka nyuma ya runinga, tafuta chaneli upya. Zisizofungwa kwa malipo zitafunguka, na hapo ndipo SUBT ya rimoti ya runinga inapata kazi. Ikibaki kimya hata hapo, umeshajua kwamba hakuna kinachotumwa.

Bi_Faili

Mimi nijibu upande wa flashi, maana hapo una matatizo matatu yasiyofanana.

Maandishi yasiyokuja kabisa: mara nyingi ni jina. Filamu ikiitwa Safari.mp4, manukuu yaitwe Safari.srt, yakae folda moja, herufi kwa herufi, nafasi kwa nafasi. Runinga nyingine zinakubali Safari.sw.srt, nyingine zinaikataa, kwa hiyo toa hiyo "sw" katikati. Halafu kuna mtego wa Windows: inaficha mwisho wa jina, unadhani umeandika Safari.srt kumbe faili ni Safari.srt.txt. Fungua folda, nenda "View", washa "File name extensions", utaona ukweli. Baada ya hapo, filamu ikiwa inacheza, ingia menyu ya kichezeo uwashe manukuu. Menyu ya "Captions" ya runinga nzima mara nyingi haikigusi kichezeo cha flashi.

Alama za ajabu kwenye ng': Kiswahili hakina herufi za pekee, kwa hiyo kinachoharibika ni kile kikato. Aliyeandika alitumia kikato kilichopinda, kile cha programu za uandishi, na runinga inasoma faili kwa mpangilio wa herufi usio wake. Ndipo "ng'ombe" inageuka "ngâ€™ombe". Fungua faili kwa Notepad, tumia "Replace" kubadilisha kila kikato kilichopinda kiwe kilichonyooka, kisha "Save as", na pale chini kwenye "Encoding" chagua "UTF-8 with BOM". Alama ndogo ya mwanzoni inayoongezwa na chaguo hilo ndiyo inayoziambia runinga nyingi zisome vipi.

Ukiwa umeshalifungua, angalia na umbo lenyewe. Kila kipande kinakuwa hivi:

12
00:01:15,200 --> 00:01:18,000
[mlango unabamizwa]
Nani huyo?

Namba, muda, maneno, kisha mstari mtupu. Kabla ya milisekunde ni mkato, siyo nukta. Mstari mtupu ukikosekana, vipande viwili vinaungana na vichezeo vingine vinaacha kusoma kuanzia hapo.

Kuachana na midomo kunahitaji upime kwanza. Cheza filamu kwenye kompyuta kwa VLC, programu ya kuchezea video, andika tofauti ya sekunde kwenye dakika ya 2 na tena kwenye dakika ya 60. Tofauti ikiwa ileile mwanzo hadi mwisho, ni kusogeza tu: VLC ya Windows hutumia vitufe G na H, kila mbonyezo milisekunde 50. Ila VLC haiandiki mabadiliko hayo ndani ya faili, kwenye runinga yatarudi palepale. Tofauti ikiwa inakua, kusogeza hakutasaidia. Manukuu yametengenezwa kwa filamu ya mwendo mwingine wa picha. Leta vipimo nikuelekeze.

Mkazi_Tabata

Asanteni sana. King'amuzi kilikuwa na SUBT na sikuwahi kuigusa. Chaneli mbili za filamu zimeleta orodha, Kiingereza tu. Zilizobaki tupu. Ng' imekaa sawa baada ya kubadilisha kikato.

Shida mpya: mstari wa chini wa manukuu ya king'amuzi unakatwa nusu, herufi zinaonekana vichwa tu. Vipimo vya ile filamu: dakika ya 2 maneno yanachelewa sekunde 5 hivi, dakika ya 60 yanachelewa dakika mbili na nusu.

Fundi_Waya

Kukatwa huko ni runinga kukuza picha na kutupa kingo zake. Ukiwa kwenye HDMI ya king'amuzi, fungua mipangilio ya picha, tafuta ukubwa wa picha. LG huiita "Just Scan", Samsung "Fit to screen", nyingine "Dot by dot". Lengo ni moja, picha ionyeshwe yote bila kukuzwa. Kama umeiacha kwenye "Zoom", toa mara moja. Angalia pia ndani ya king'amuzi: umbo la skrini liwe 16:9.

Baada ya hapo shughulikia ukubwa wa herufi, kwa sababu mtu mzima aliyekaa mita tatu kutoka kwenye inchi 43 anachoka haraka. Manukuu ya king'amuzi mara nyingi huja yakiwa picha, hivyo ukubwa wake huwezi kuubadili. Ya programu za runinga yanabadilika. Palepale kwenye "Captions" weka ukubwa "Large" na mtindo wa njano juu ya weusi. Kivuli cheusi nyuma ya herufi ndicho kinachookoa, maana herufi nyeupe zisizo na mgongo zinapotea mchezaji aliyevaa jezi nyeupe akipita nyuma yake. Ukibadili lugha ya runinga kuwa Kiswahili, menyu hizo zinaitwa Ufikivu na Manukuu, labda mama mwenyewe ataweza kuzifikia.

Netflix haifuati mpangilio huo kila mara. Ingia akaunti kwa kivinjari cha simu au kompyuta, chagua profaili, tafuta "Subtitle appearance", hifadhi, kisha funga programu kwenye runinga na uifungue upya. Kwenye orodha ya lugha chagua ile yenye alama ya CC, kwa sababu ndiyo inayotaja sauti.

Mtaa_wa_Aggrey

Nashauri tofauti kidogo. Kariakoo ukitafuta utapata runinga zilizotumika zenye kitufe cha CC kabisa kwenye rimoti, zilizotengenezwa kwa soko la Marekani. Kwa mwenye usikivu hafifu si zinafaa zaidi?

Fundi_Waya

Hapana mkuu, usimwelekeze mtu huko. Kitufe hicho kipo kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ililazimisha runinga za inchi 13 na kuendelea, kuanzia Julai 1993, ziwe na kisoma manukuu ndani. Kinasoma manukuu ya utangazaji wa kule, na hapa hakuna anayerusha kwa mfumo huo. Kipokezi chake ni cha ATSC, mfumo wa dijitali wa kule, hakiwezi kufungua DVB-T2. Na kama imetengenezwa kwa volti 120 pekee, ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 bila transfoma, utakuwa umeiua siku ileile. Kabla ya kununua yoyote, soma kibandiko cha nyuma: kiandike volti 100–240 na hezi 50/60.

Sauti_Maandishi

Kuhusu taarifa ya habari. Mwenye chaneli asipotuma manukuu, njia iliyopo ni kuyatengeneza mwenyewe sebuleni. Google iliongeza Kiswahili kwenye utambuzi wa sauti mwaka 2017, na programu yao ya bure ya Live Transcribe inageuza maneno kuwa maandishi hapohapo. Kwenye simu ya Android fungua Mipangilio, kisha Ufikivu. Usipoikuta, ipakue Play Store. Ndani yake chagua lugha kuwa Kiswahili (Tanzania), ongeza ukubwa wa herufi, na kama kuna tableti itumie badala ya simu.

Mahali unapoiweka ndipo kazi inapoharibikia. Spika za runinga bapa nyingi zinatazama chini au nyuma, kwa hiyo simu ikikaa mapajani kwa mama inasikia sebule nzima kabla haijasikia mtangazaji. Isimamishe kwenye meza ya runinga, karibu na spika, ukingo wenye maikrofoni uelekee sauti inakotoka. Kama skrini itakuwa mbali mno kusomeka, tumia maikrofoni ya waya: kichwa chake kikae kwenye spika, tableti ibaki karibu na msomaji. Feni isipulize maikrofoni, upepo wake unafuta nusu ya maneno. Chomeka chaja, skrini inabaki imewaka muda wote, na hakikisha bando lipo kwa sababu inategemea intaneti.

Maandishi yatakuja nyuma ya sauti kidogo. Majina ya watu na tarakimu ndiyo hukosewa zaidi, na muziki ukipigwa chini ya sauti ya msomaji sentensi nzima inaweza kupotea. Mwambieni mama mapema ili asidhani ndivyo ilivyotangazwa. Kwa tarakimu atazame na maandishi ambayo chaneli yenyewe inaweka kwenye picha.

Bi_Faili

Vipimo vyako vinasema kila kitu. Kuchelewa dakika mbili na nusu kwa saa ni tofauti ya picha 23.976 na 25 kwa sekunde: manukuu yalitengenezwa kwa filamu ya 23.976, yako ni ya 25. Pakua Subtitle Edit kwenye kompyuta, ni ya bure. Fungua faili, nenda "Synchronization", chagua "Change frame rate", weka kutoka 23.976 kwenda 25, kisha hifadhi kwa jina lilelile la filamu. Faili la zamani liweke pembeni kwanza, maana ukikosea ukageuza pande hizo mbili, kuchelewa kutazidi mara mbili. Hakiki tena kwenye dakika ya 60, na ikibaki tofauti ndogo isiyokua, imalizie kwa "Adjust all times" iliyomo kwenye menyu hiyohiyo.