Chumba cha friza kinaganda chini ya evaporeta kila siku ya nne, gesi imeshaongezwa mara mbili

Mtunza_Stoo

Wakuu, heshima kwenu. Mimi si fundi, ni mtunza stoo, lakini chumba hiki mimi ndiye ninayekifungua asubuhi na kukifunga jioni, kwa hiyo kikianza kuumwa najua kabla ya mtu mwingine. Kinatakiwa kukaa -18. Kwa wiki tatu sasa mambo ni yale yale: siku mbili za mwanzo shwari, siku ya tatu feni zinaanza kuvuma kwa sauti nzito, siku ya nne nakuta -9 na maboksi ya juu yana unyevu.

Nusu ya juu ya koili ya evaporeta (mabomba yanayopoza chumba) ni safi, mapezi, yale mabati membamba, unayaona moja moja. Nusu ya chini imeziba. Tena si ile theluji nyeupe unayoikwangua kwa kucha. Ni barafu ngumu, inang'aa kama kioo, imejaza trei na kuning'inia nje kama meno. Fundi amekuja mara mbili. Anaiyeyusha kwa maji, anaongeza gesi, anaondoka. Taima iko kwenye difrosti (hita kupasha koili ili barafu iyeyuke) nne kwa siku, dakika 30 kila moja. Difrosti ikianza naona mvuke, kwa hiyo nadhani hita zinafanya kazi. Nimechoka kuhamisha mzigo usiku. Nianzie wapi?

Baridi_Kali

Ongeza difrosti ziwe 8 kwa siku. Changu kilipona hivyo.

Fundi_Ampea

Mtunza Stoo, asante kwa kueleza barafu iko wapi na ina sura gani. Mafundi wengi tunakimbilia kuiyeyusha kabla ya kuitazama, na tukishaiyeyusha ushahidi umekwenda na maji.

Gesi ikipungua, barafu hukaa pale gesi inapoingilia koili na sehemu iliyobaki huwa kavu. Difrosti ikifa kabisa, koili nzima huvaa blanketi jeupe. Mlango ukivuja, theluji laini utaiona darini karibu na mlango na kwenye nyavu za feni. Ya kwako haifanani na hizo. Juu safi, chini kioo: hayo ni maji yaliyoyeyuka juu, yakateremka, yakakuta chini hakuna joto, yakaganda tena. Mvuke unaouona unatoka kwa hita za juu. Naishuku hita ya chini.

Ndugu Baridi_Kali, naomba tusimwongezee difrosti kabla ya kupima. Kila difrosti inaingiza joto chumbani, na kama hita ya chini imekufa, tutakuwa tunamwagia maji zaidi mahali pasipoyeyuka.

Fundi wako akija, asiguse gesi kwanza. Aanzishe difrosti kwa mkono kwenye taima, kisha abane mita ya ampea kwenye waya wa hita. Mfano: hita tatu za wati 1000 kwa volti 230, kila moja inakula ampea 4.3 hivi, zote pamoja 13. Akisoma 8.7, moja haipo. Baada ya hapo azime umeme kabisa, atoe waya za kila hita na kupima omu (ukinzani wa umeme). Nzima ya ukubwa huo itaonyesha kama 53, iliyokatika haionyeshi kitu. Na wewe kaa na saa mkononi, uone difrosti inadumu dakika ngapi kweli. Usiamini ile 30 iliyoandikwa kwenye taima.

Nakusihi, mtu asigonge barafu hiyo kwa bisibisi. Nimeshaona koili ikitobolewa hivyo, gesi yote ikatoka, na shida ya hita ikawa shida ya koili nzima.

Fundi_Mwanafunzi

Naongezea: trei ikiwa wazi, mmiminie kikombe cha maji ya uvuguvugu. Yasipotoka upande wa nje haraka, bomba la kutolea maji limeganda, maana yake hita ya bomba nayo ipimwe.

Mtunza_Stoo

Nimerudi. Mita imesoma 8.6! Hita ya chini ilikuwa imeungua kwenye kiungio cha waya, pameoza kwa unyevu. Imebadilishwa, sasa tunasoma 13. Maji ya trei yanatoka vizuri. Lakini nilikaa na saa kama ulivyosema: difrosti ilikatika dakika ya 12, na vipande vidogo vya barafu bado viko safu ya mwisho chini. Halafu feni ziliwaka papo hapo, nikaona matone yakirushwa hadi darini.

Fundi_Ampea

Nimefurahi sana kusikia 13. Sasa mtafuteni themostati ya kumalizia difrosti: kidude cha mviringo, kimebanwa kwenye bomba la koili, mara nyingi kina waya tatu. Nyingi hukata koili ikifika kama nyuzi 13, na hizo hizo huzuia feni hadi koili ishuke tena chini ya sifuri. Naamini chenu kimebanwa juu, ambako joto hupanda upesi, kwa hiyo kinakata wakati chini bado pameganda. Kihamishiwe pale barafu inapochelewa kuisha. Kuhusu feni kuwaka papo hapo, fundi apime kama mguso wa feni, swichi iliyo ndani ya kidude hicho, umeshikana. Ukiwa umeshikana, kibadilishwe kizima.

Mtunza_Stoo

Kilikuwa juu kabisa, kwenye kona. Kimewekwa kipya, safu ya pili kutoka chini. Difrosti ya leo imechukua dakika 21, koili imebaki nyeusi na kavu yote, feni zimesubiri kama dakika 3 ndipo zikawaka. Kesho ndiyo siku ya nne. Nitafungua mlango mapema na kuleta namba.