Nyumba ya bloku ya 1974, Broward: kubadilisha madirisha na milango ihimili kimbunga

MamaIdrisa_FTL

Wadau, salaam. Nyumba yetu iko Fort Lauderdale, kaunti ya Broward, Florida, ghorofa moja, bloku na plasta, imejengwa 1974, futi 40 kwa 55. Ina madirisha 11. Matatu bado ni ya luva za vioo, mengine ni ya aluminiamu ya kupandisha juu, kioo kimoja chembamba. Nyuma kuna mlango wa vioo wa kuteleza wa futi 8, mbele mlango wa mbao wa mabawa mawili unaofungukia ndani, na mlango wa gereji wa futi 16 ambao hauna lebo yoyote ya idhini. Paa lilibadilishwa 2019.

Wakandarasi watatu wamekuja, kila mmoja na lake. Wa kwanza anataka kubadilisha madirisha tu, milango ibaki. Wa pili anasema nibandike filamu ngumu juu ya vioo vilivyopo. Wa tatu anasema fremu za zamani ni nzuri, ataingiza vioo vipya vya kimbunga ndani yake. Nani kati yao anasema kweli, na nikague nini kwenye makaratasi kabla ya kusaini?

---

MhandisiPwani

Dada, wa pili na wa tatu waondoe kwenye orodha. Filamu huvishika vipande vya kioo kikivunjika, lakini haishiki kioo kwenye fremu wala fremu kwenye ukuta. Upepo ukisukuma, kioo chote kinang'oka na filamu yake. Kuingiza kioo kipya kwenye fremu ya 1974 ni kosa lile lile kwa bei kubwa zaidi, kwa sababu kinachopimwa maabara ni dirisha zima: kioo, gundi, fremu, lachi na skrubu za ukutani. Ukibadilisha kimoja, cheti hakikuhusu tena.

Broward na Miami-Dade ndizo kaunti mbili za Florida zilizowekwa kwenye kanda maalumu ya vimbunga vya kasi kubwa, matokeo ya kimbunga Andrew cha Agosti 1992. Huko kila dirisha au mlango wa nje unaouwekea kibali cha ujenzi lazima uwe na hati ya Miami-Dade ya kuidhinisha bidhaa, inayoitwa NOA, au namba ya idhini ya jimbo inayosema wazi kwamba bidhaa inafaa kwenye kanda hiyo. Ili kuipata, bidhaa hupigwa kwa ubao wa 2x4 (inchi 2 kwa 4) wenye uzito wa pauni 9, ukirushwa kwa mwendo wa futi 50 kwa sekunde. Kisha dirisha lile lile lililokwisha kupigwa husukumwa na kuvutwa kwa presha mamia ya mara. Kioo kinaruhusiwa kupasuka. Kisichoruhusiwa ni kuachia tundu. Ndiyo maana kioo chake ni vioo viwili vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati. Mtu akikuambia "kioo cha tempa (kilichoimarishwa kwa joto) ni kigumu, kinatosha", huyo hajui. Tempa peke yake ikipigwa humwagika yote chini.

Sasa makaratasi. Kwenye NOA tafuta presha ambayo bidhaa imeidhinishwa kuihimili, chanya na hasi, kwa pauni kwa futi ya mraba, kwa ukubwa wa dirisha lako. Dirisha la aina moja huhimili presha kubwa likiwa dogo na ndogo likiwa pana, kwa hiyo namba kubwa ya kwenye kipeperushi haina maana. Kwa upepo wa usanifu (ule ambao nyumba husanifiwa kuuhimili) wa maili 170 kwa saa, nyumba ya ghorofa moja kama yako, tundu dogo la dirisha linahitaji takriban +38 na -41 katikati ya ukuta, na -51 pembeni. "Pembeni" ni kama futi 4 za mwisho za kila ukuta kwa vipimo vya nyumba yako. Angalia namba hasi ndiyo kubwa: upepo unapopinda kona huvuta dirisha kulitoa nje kwa nguvu kuliko unavyolisukuma ndani.

Kuna mtego mmoja hapo. Hesabu za wahandisi zinaweza kutolewa kwa kiwango cha juu kabisa au kwa kiwango cha kawaida cha usanifu, na cha kawaida ni kile cha juu kikizidishwa kwa 0.6. Presha iliyo kwenye NOA ni ya kiwango cha kawaida. Mkandarasi akikupa jedwali, muulize ni kiwango gani, la sivyo mtalinganisha vitu viwili tofauti.

Wa kwanza, anayetaka madirisha tu, bidhaa zake zinaweza kuwa sahihi, lakini mpango wake una tundu la futi 16, yaani mlango wa gereji. Waachie wengine waeleze.

---

FundiVioo

Mhandisi kamaliza upande wa karatasi, mimi nizungumzie ukuta, maana dirisha la maelfu ya dola linaweza kufungwa kwa skrubu zisizoshika kitu.

Nyumba za miaka hiyo, ndani ya tundu la bloku huwa na ubao wa inchi moja (unene halisi robo tatu) uliozunguka pande zote, na dirisha la zamani limepigiliwa kwenye ubao huo. Ubao mwingi utaukuta umeoza chini au umeliwa na mchwa. Toa wote uliooza, weka mpya uliotiwa dawa. Na hata ukiwa mpya, ubao mwembamba kuliko inchi moja na nusu hauhesabiwi kubeba mzigo. Skrubu lazima ivuke ubao iingie kwenye bloku.

Hesabu ya urefu wa skrubu ya zege ya robo inchi: kama NOA inataka ishike inchi 1¼ ndani ya bloku, ongeza ¾ ya ubao, ¼ ya kabari, na kama ⅛ ya fremu. Inafika 2⅜, kwa hiyo unanunua ya 2¾. Fundi akija na boksi la inchi 1¾ kwa nyumba nzima, msimamishe. Plasta haihesabiwi kabisa, ni kama haipo.

Kutoboa: skrubu ya robo inchi hutobolewa kwa biti ya 3/16, drili ya kugonga, tundu liwe refu kuliko skrubu kwa robo inchi angalau, na vumbi lipulizwe nje. Vumbi likibaki, skrubu inakwama njiani, fundi anaongeza nguvu, inakatika au inakula meno yake. Ikizunguka bila kukaza, hiyo haishiki. Usiijaze gundi ukaiita imepona. Sogea utoboe pengine kwa umbali unaoruhusiwa. Na usitoboe karibu na ukingo wa bloku, NOA nyingi zinataka kama inchi 2½ kutoka ukingoni. Bloku za zamani hazijajazwa zege ndani, ganda lake la nje lina unene wa inchi moja na kidogo tu, likimeguka hakuna cha kushika. Juu ya dirisha kuna linta ya zege, pale huwa hakuna shida.

Kabari ziwe za plastiki ngumu, ziwekwe kila penye skrubu, pengo lisizidi robo inchi isipokuwa hati inaruhusu. Pengo likiwa kubwa skrubu inapinda upepo ukivuta. Mafundi wavivu huagiza dirisha dogo ili liingie kirahisi, kisha wanajaza pengo povu. Ndiyo maana vipimo vichukuliwe kwenye bloku, si kwenye fremu ya zamani: upana sehemu tatu, urefu sehemu tatu, na pembe kwa pembe. Agiza kwa kipimo kidogo kuliko vyote.

Kuhusu maji: chini ya dirisha weka kizuizi cha maji kinachopanda nyuma na pembeni, laza fremu juu ya gundi ya kuzibia isiyo na mapengo, na nje tia kamba ya sponji kwanza halafu gundi juu yake, ili gundi ishike pande mbili tu na iweze kunyumbuka. Matundu madogo ya kutolea maji chini ya fremu yasizibwe. Nusu ya malalamiko ya "dirisha jipya linavuja" ni mtu kayaziba kwa rangi au silikoni.

Mwisho, 1974 ni kabla ya 1978, rangi ya risasi ilipopigwa marufuku majumbani, kwa hiyo rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi. Mkandarasi awe na cheti cha EPA (shirika la mazingira la Marekani) cha kazi za namna hiyo, atandike plastiki, asisage rangi kavu. Kama una watoto, hili lisipuuzwe.

---

BakariTampa

Milango sasa. Nianze na wa gereji kwa sababu ndiyo tundu kubwa kuliko yote na mara nyingi ndiyo bati jembamba kuliko yote. Mlango huo ukibomokea ndani, upepo unajaza nyumba na kusukuma paa kutoka chini, huku upepo wa nje unalivuta kutoka juu. Baada ya Andrew, wakaguzi walikuta nyumba nyingi ambazo paa liliondoka baada ya mlango wa gereji kusalimu amri. Paa lako la 2019 linategemea mlango huo.

Usinunue bati tu. Mlango ulioidhinishwa huja na mihimili ya chuma ya mlalo nyuma ya paneli, reli nene, mabano mengi zaidi na roli ndefu. Na vyote hivyo hufungwa kwenye mbao za pembeni, ambazo nazo lazima zifungwe kwenye bloku kwa nanga zilizotajwa kwenye mchoro. Huko ndiko kunakosahaulika: mlango mpya, ubao wa 1974 umeshikwa na misumari. Spring pia hubadilishwa, maana mlango wa kimbunga ni mzito zaidi. Spring hizo zinaua, asiguse mtu asiye fundi wake.

Mlango wa mbele: chagua unaofungukia nje. Upepo ukisukuma, unaubana kwenye fremu yake badala ya kuilemea lachi. Bawaba ziwe na pini zisizotoka kwa nje. Mabawa mawili yanapendeza, lakini lile bawa tuli ndilo dhaifu, linategemea komeo za juu na chini tu. Komeo ya chini lazima iingie kwenye zege, si kwenye kizingiti cha aluminiamu pekee. Bawa moja na kioo cha pembeni kilichoidhinishwa ni rahisi zaidi na hakivuji sana.

Mlango wa kuteleza: uliza urefu wa kizuizi cha maji cha reli ya chini. Kifupi kinafaa kwa miguu, lakini maji huruka ndani. Jua pia kwamba kipimo cha kuzuia maji hufanywa kwa asilimia 15 tu ya presha ya usanifu. Kimbunga kikubwa kitapitisha maji kidogo hata kwenye bidhaa nzuri iliyofungwa vizuri. Weka taulo, usimshtaki fundi.

---

MamaIdrisa_FTL

Ahsanteni sana. Pesa ya vyote kwa mkupuo sina. Msimu unaanza Juni 1. Nianze na nini? Na madirisha ya vyumba vya kulala, mmoja alitaja habari ya kutokea wakati wa moto.

---

MhandisiPwani

Dada, anza na gereji. Kwa mengine yote nunua vifuniko vya bamba la aluminiamu au chuma vyenye NOA, vyenye reli na nanga zilizowekwa mapema ukutani. Ni nafuu mara nyingi kuliko madirisha, na tundu zote zinakuwa zimekingwa msimu huu. Kisha badilisha madirisha kwa mafungu, ukianza na luva, kwa sababu hizo hazizuii hata mvua ya kawaida. Ukifunga bamba, acha njia ya kutoka inayofunguka kwa ndani bila zana.

Vyumba vya kulala: fremu za kimbunga ni nene, kwa hiyo uwazi hupungua. Kipimo cha kawaida cha kutokea ni futi za mraba 5.7 zikiwa wazi, urefu usiopungua inchi 24, upana usiopungua 20, na kizingiti kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Dirisha la kupandisha hufungua nusu tu. Kama tundu ni dogo, chukua la bawaba.

Bima: punguzo la kukinga madirisha na milango hutolewa kwa kuangalia tundu dhaifu kuliko zote. Madirisha 11 mapya na gereji ya zamani, kwenye fomu ya OIR-B1-1802 (ya ukaguzi wa nyumba kwa bima ya upepo) hayakupi daraja unalolitaka. Piga picha za lebo kabla hazijang'olewa, tunza NOA zote, na hakikisha kibali kimefungwa rasmi. Lebo zibaki kwenye vioo mpaka mkaguzi wa mwisho aondoke, na mkaguzi aone nanga kabla ya plasta kufunika.

---

BakariTampa

Niongeze: angalia My Safe Florida Home, mpango wa ruzuku wa jimbo. Ukikubaliwa, hutoa dola 2 kwa kila dola 1 yako, hadi dola 10,000. Ukaguzi wao wa bure lazima utangulie kazi, ukianza kujenga kabla umejitoa. Fedha zake huisha, kwa hiyo omba leo.