Uingereza: vipande vya risasi viwekewe leseni, au sheria ya nia inatosha?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Naleta hili tulijadili bila kurushiana matusi.

Kule Uingereza, mwenye cheti cha bunduki anaruhusiwa kujitengenezea risasi nyumbani. Anahitaji vitu vinne: ganda, baruti, kichwa cha risasi na fataki, yaani kile kikombe kidogo kitakoni mwa ganda kinacholipuka kikigongwa. Fataki huuziwi bila kuonyesha cheti. Ndivyo ilivyo kwa sheria ya 2006. Ganda tupu na kichwa cha kawaida unanunua kama misumari ya dukani.

Moto uliwashwa na kesi ya Paul Edmunds, aliyefungwa miaka 30 mwaka 2017. Alikuwa akiyauzia magenge ya Birmingham bastola za kale, zile ambazo risasi zake hazitengenezwi tena viwandani. Risasi akazitengeneza mwenyewe. Baadaye serikali ikaitisha maoni, na 2023 ikapita sheria inayomtia hatiani mtu anayemiliki vipande hivyo kwa nia ya kuunda risasi asizoruhusiwa kuwa nazo. Kuna wanaosema haitoshi, kila kipande kiwe na leseni.

Mimi siafiki. Edmunds alikuwa muuzaji silaha aliyesajiliwa! Leseni alikuwa nayo tayari. Ungemwongezea ya maganda angeitundika ukutani pamoja na zile nyingine.

Atakayeumia ni mlenga shabaha wa masafa marefu. Huyu hujitengenezea risasi na hupima baruti kwa sehemu ya kumi ya greni, na greni moja ni kama miligramu 65. Si ushamba wala ulimbwende. Risasi mbili zikitofautiana mwendo kwa mita 10 tu kwa sekunde, kwenye yadi 1,000 moja inatua chini ya mwenzake kwa takriban shubiri nzima. Upepo hujauhesabu bado.

Mchangiaji 1: Mkuu, hiyo ya shubiri umeipamba. Pale Bisley, uwanja mkubwa wa kulenga shabaha huko Uingereza, kwenye ile Tuzo ya Mfalme inayoshindaniwa tangu 1860, kwa miaka mingi washindani wamekuwa wakigawiwa risasi za aina moja, na fainali inapigwa yadi 900 na 1,000. Watu wanalenga vizuri tu. Kwa hiyo kujitengenezea ni starehe, na starehe ya wachache haiwezi kuzidi usalama wa mtaa.

Mleta mada: Nusu nakubali. Wote wakipewa risasi zilezile, mzigo unakuwa sawa kwa kila mtu, basi mshindi anapatikana. Hapo hujaonyesha kwamba risasi zenyewe ni nzuri. Nenda kwenye mashindano ya yadi 1,200 hapo hapo Bisley, utakuta wengi wanatumia walizotengeneza wenyewe, kwa sababu kila mtutu una baruti na kichwa unachopatana nacho.

Mchangiaji 2: Tuache mitutu. Nia utaithibitishaje? Polisi wanamkuta kijana hana cheti, ana ndoo ya maganda na kopo la baruti, anasema nakusanya tu kama mapambo. Mwendesha mashtaka aanzie wapi? Leseni haina longolongo: unayo au huna.

Mchangiaji 3: Na huku kwetu fundi wa gobore hahitaji hata hilo ganda. Baruti, gololi, kazi imeisha. Mnabishania vyuma, mtu mnamwacha.

Mleta mada: Mchangiaji 2, hoja yako ndiyo ngumu kuliko zote hapa, sitaikimbia. Lakini huyo kijana wako bila fataki ana ndoo ya shaba nyekundu na njano, basi. Fataki si kitu cha kuchonga jikoni, na ndiyo maana sheria ikabana pale. Akikutwa na fataki na hana cheti, jibu la "mapambo" halimfikishi mbali mahakamani.

Kama lazima kitu kiongezwe, mimi ningeongeza ukaguzi kwa wauzaji. Mkaguzi afike dukani bila taarifa, afungue daftari, ahesabu fataki zilizoingia na zilizotoka, na kwa kila pakiti aone cheti cha nani kilionyeshwa. Kisha aulize bastola ya kale iliyouzwa mwezi uliopita imekwenda kwa nani. Leteni hoja ya kwa nini leseni ya maganda ingefanya kazi kuliko hilo.