Misitu au Teknolojia ya Mazao ya Misitu: nithibitishe ipi?

Mche Mpya:
Wakuu, habari. Nimepata nafasi mbili chuo kimoja, shahada ya misitu na shahada ya teknolojia ya mazao ya misitu. Wiki ijayo natakiwa kuthibitisha moja. Ipi nichukue?

Kipenyo:
Mleta uzi, hujatupa kitu. Hesabu na fizikia ukoje? Fildi ni wiki ngapi, na zinaangukia mwaka upi? Takwimu inafundishwa muhula mmoja au miwili? Weka hapa masomo ya lazima, maana jina la shahada halisemi kitu. Kuna shahada inaitwa ya misitu, ukiichungulia ndani imejaa sera, na upimaji wa miti umebanwa kwenye muhula mmoja.

Gogo Kavu:
Mdogo wangu, chukua mazao ya misitu. Wanaojua kupanda ni wengi, wanaojua kwa nini ubao umepinda baada ya kupigiliwa ni wachache. Mfano: kipande kibichi kina gramu 85. Unakiweka kwenye oveni nyuzi 103 mpaka uzito ugome kushuka, kinatoka na gramu 50. Maji ni gramu 35, gawanya kwa 50, unyevu asilimia 70. Asiyesoma anagawanya kwa 85, anapata 41, anadhani yuko karibu kumaliza. Na ubao hausinyai mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 30 hivi. Ukiukimbiza kwenye tanuri, uso unashuka chini ya hapo wakati ndani bado kuna maji: uso unataka kusinyaa, ndani kunagoma, ubao unapasuka.

Mama Kitalu:
Gogo, kila uzi wewe na oveni yako. Huo ubao umetoka wapi kama hakuna aliyekuza mti? Tawi lisipopogolewa mapema linaacha fundo, na hakuna tanuri linaloondoa fundo. Mche ukichelewa kwenye kiriba (mfuko wa kuoteshea), mizizi inajizungusha kule chini. Ukiupanda hivyohivyo unapendeza miaka ya mwanzo, halafu unakuja kulazwa na upepo umeshakuwa mti mzima. Tiba ni dakika moja: siku ya kupanda ondoa kiriba chote, kata sentimita moja au mbili za chini pale mizizi ilipojisokota. Haya yako kwenye misitu, na kama wana mkondo wa kilimo mseto ndiyo bora zaidi.

Mche Mpya:
Asanteni. Hesabu wastani, baiolojia na jiografia niko vizuri, fizikia niliiacha mapema. Misitu wameandika fildi wiki nane kila mwaka kuanzia mwaka wa pili. Mazao ya misitu imeandikwa "mafunzo kwa vitendo kiwandani", idadi ya wiki hakuna.

Kipenyo:
Isipoandikwa, waulize kitivo, tena kwa maandishi. Lakini usikimbilie misitu kwa kukwepa hesabu. Kuna kundi la mwaka wa pili lilitumwa kupima msitu wa misonobari kwenye mteremko wa nyuzi 30. Viwanja vya sampuli, vya duara, nusu-kipenyo mita 11.28, yaani hekta 0.04. Wakalaza tepu kwenye mteremko, 11.28 kila upande, wakapiga chaki miti, wakapima kipenyo mita 1.3 kutoka ardhini, siku tatu wamemaliza, wana furaha.

Sasa, hekta ya kwenye ramani ni ya mlalo. Duara iliyolazwa kwenye mteremko ukiitazama kutoka juu ni yai, na eneo lake ni 0.04 mara kosaini ya 30, yaani 0.0346. Wao wakagawanya kwa 0.04, kila kitu kikapungua asilimia 13. Hapohapo walikuwa wanapima kipenyo wakiwa wamesimama upande wa bondeni, ambako mita 1.3 inaangukia chini zaidi kwenye shina, penye unene. Kosa la kipenyo linaingia mara mbili: asilimia 5 ya ziada inakupa zaidi ya 10 kwenye eneo la mkato wa shina. Kosa moja likashusha, jingine likapandisha, ujazo wa mwisho ukaonekana una akili. Kilichowaumbua ni idadi ya miti kwa hekta, kwa sababu kipenyo hakiingii humo. Ikapungua kuliko upimaji uliotangulia, na hakuna mti uliovunwa. Wakarudia viwanja vyote.

Dawa yake ni kukuza nusu-kipenyo: 11.28 gawanya kwa kipeuo cha pili cha kosaini, unapata mita 12.12 kila upande.

Hatua Mia:
Hapo Kipenyo sikubaliani nawe. Hiyo 12.12 inafaa mteremko ukiwa sawasawa kama paa. Kukiwa na korongo katikati ya kiwanja imekufa. Vuta tepu mlalo, vipande vifupi vifupi na timazi (kamba yenye uzito mwishoni), au sahihisha kila upande peke yake: moja kwa moja kupanda au kushuka ni 13.03, kukatiza mteremko inabaki 11.28.

Kipenyo:
Na timazi porini, kwenye viwanja 40, mtamaliza lini?

Hatua Mia:
Sahihisha miti ya mpakani tu. Ya katikati haina ubishi.

Gogo Kavu:
Mmeona? Mtoto wa watu kasema hesabu wastani, mnampa vipeuo. Njoo kwenye mbao.

Mama Kitalu:
Kwani unyevu wako siyo hesabu? Na uchumi wa misitu atakutana nao kotekote. Gharama ya 100 siku ya kupanda, riba asilimia 8, baada ya miaka 25 ni 685, na mti wa kuuza ndiyo kwanza unasimama. Wengi wanaangukia hapo, hata waliopita upimaji vizuri.

Mche Mpya:
Kitivo wamejibu. Kiwandani ni wiki kumi, mwaka wa mwisho tu. Takwimu ni mihula miwili kwenye shahada zote. Bado sijathibitisha. Halafu Kipenyo, hujasema, kwenye mteremko kipenyo kinapimwa upande gani?

Kipenyo:
Upande wa mlimani. Simama upande wa juu wa mteremko, hesabu mita 1.3 kutoka ardhi ya hapo.

Mama Kitalu:
Kwanza fagia majani kwenye shina. Rundo la sentimita kumi linapandisha mahali pako pa kupimia.

Hatua Mia:
Na ukikuta nundu palepale kwenye 1.3, pima juu yake na chini yake kwa umbali sawa, uchukue wastani. Ukiwa umegawanyika chini ya 1.3, hesabu miti miwili.

Gogo Kavu:
Miwili? Msumeno wangu unaona gogo moja.