Nimetoka mafungo Sakharani, nimerudi kwenye cherehani Ngamiani. Naishije kama kule?

FundiPindo
Shikamooni wakubwa. Mi ni fundi cherehani hapa Tanga, Ngamiani, watoto watatu, mume dereva wa lori nyumbani yupo siku mbili kwa wiki akijitahidi. Mwezi uliopita jumuiya yetu tulipanda mafungo Sakharani, kule Soni, Lushoto, kwa watawa Wabenedikto, siku tatu tu. Jamani. Kengele, sala, kazi, tena kengele, na sisi wa mafungo tulikuwa tunakula kimya mpaka unasikia kijiko cha mwenzio kinagusa sahani. Nililala kama mtoto mchanga.

Nikarudi nimeapa haya maisha siyaachi. Nikaweka alamu saa kumi alfajiri nisali Masifu ya Asubuhi kwenye simu, na usiku saa tatu nikatangaza kimya nyumba nzima. Wiki ya kwanza nimesinzia kwenye mashine sindano nusura inipitie kidole, wiki ya pili nikawa napiga pasi huku nasali rozari, niko tendo la tatu la uchungu huko nimezama kabisa, nakuja kushtuliwa na harufu, kitenge cha mteja kina alama ya pasi mgongoni kama muhuri. Nimelipa. Na kile kimya cha saa tatu ndo usiseme, jirani kafungulia singeli. Baba watoto kaja kaniuliza, mama nanihii, hapa pamekuwa konventi lini?

Kuna mtu anayaishi haya kweli akiwa na familia na biashara, au najidanganya nisubiri tu mafungo ya mwakani?

Kijiwe_Chuda
Pole na kitenge dada. Ila tuseme ukweli, mtawa hadaiwi kodi ya fremu wala hana mtoto anayetaka hela ya daftari. Sali asubuhi, sali usiku, katikati piga kazi. Kutaka usista ndani ya ndoa ni kumtafutia mwenzio kesi.

MwalimuMstaafu_Tga
Kijiwe usimkatishe tamaa binti wa watu. Marahaba mwanangu. Mimi ni mwoblati, yani mlei niliyeahidi kufuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ule mwongozo wa maisha ya watawa wake, nikiwa hapahapa nyumbani na mke wangu na kuku wangu, sihamii monasteri wala sivai kanzu yao. Kwa hiyo wapo, na mmoja unaongea naye.

Sasa nikwambie kama mzee ulipokosea, umebeba kimya ukaacha kengele. Kile kimya ni cha mlima na cha watu waliokubaliana, hukiwezi kukipakia kwenye basi la Lushoto ukashuka nacho stendi. Kengele unaiweza. Kanuni yenyewe ina sura 73 tu, fupi fupi, ya karne ya 6, na sura ya 43 inasema mmonaki akisikia ishara ya sala aache chochote kilichopo mkononi. Aache, sio amalizie! Mimi miaka yote nilidhani ugumu wa utawa ni kuamka usiku, kumbe ugumu ni kulifunga daftari la mtoto umesahihisha hesabu nne kati ya kumi, mkono unagoma kabisa, unajiambia hii moja tu, halafu hii.

Ipo na sura ya 50, ndugu walio kazini mbali au safarini wasali hapohapo walipo saa ikifika. Hiyo ni ya mumeo na lori lake. Na ya 31 inamtaka mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare, kwa hiyo nikuulize, hiyo cherehani umeitia mafuta lini? Ukiwa unapiga pasi piga pasi, rozari ina saa yake. Na saa kumi alfajiri achana nayo kwanza. Benedikto amepanga wakati wa baridi walale mpaka ipite kidogo nusu ya usiku, chakula kiwe kimeshasagika tumboni, na wenzio walikuwa wanalala mapema. Wewe unalala saa sita unakata sare za shule halafu unataka kuamka nao.

Mpara_Samaki
Asalaam aleykum. Mi muislamu, niko Bagamoyo nakaanga samaki, nimeona nichangie maana mji wetu una yote mawili, mapadri walishuka hapa 1868 wakajenga misheni, na ndo mji wa Sheikh Ramiya wa Kadiriya, ile tarika ya masufi, aliyeletwa utumwani akaja kuwa mwanachuoni, kafariki 1931 na mpaka leo anatajwa kama wa jana. Babu yangu alikuwa mtu wa zikri hizo na mchana fundi majahazi. Khalwa, yani pa kujitenga kwa ibada, hana, chumba kimoja na wajukuu. Alikuwa na uradi wake, dua zake za kila siku, baada ya alfajiri, anakaa mkekani jua linatoka, anakunja mkeka, anakwenda kutia kalafati. Kila siku ya Mungu. Nilimuuliza mbona uradi wenyewe mfupi hivo, akanijibu kwa hadithi, amali anayoipenda zaidi Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu hata ikiwa kidogo.

Mimi mafuta yakiwa motoni sishiki tasbihi, nilishaungua. Nikiwa napara ndo nadhukuru, kisu kinajua njia yake.

Halafu dada, kengele unaitafuta wapi na wewe uko Ngamiani? Adhana mara tano kwa siku, bure, na haikuulizi umefika wapi na mshono.

Kijiwe_Chuda
Hahaha wa Bagamoyo kaua. Ila mteja wa sendofu kakaa kwenye benchi anasubiri gauni, fundi kasimama anasali, hiyo imekaaje?

MwalimuMstaafu_Tga
Zaburi moja fupi, dakika tatu. Mteja wa fundi cherehani keshazoea kuambiwa njoo kesho, leo atashindwa dakika tatu?

FundiPindo
Mwalimu umenipiga palepale 😂 Nimerudi kuwapa habari, wiki mbili sasa. Alamu nimefuta. Nimechukua adhana mbili tu, adhuhuri na magharibi, msikiti uko mtaa wa pili spika inaelekea kwangu kabisa. Siku ya kwanza nilidanganya, nikamalizia pindo ndo nikasimama, spika ilishanyamaza. Sa hivi naacha sindano imezama kwenye kola hivohivo, mguu natoa kwenye pedali, na mwalimu ni kweli mkono unawasha jamani. Mashine nimeitia mafuta, ilikuwa kavu kama nini, naona aibu hata kusema. Baba watoto nilimwambia ile ya sura ya 50 akacheka sana, ila jana kanipigia yuko Segera anauliza leo ni zaburi ipi.

Wateja wanazoea. Leo adhuhuri mama mmoja mtu mzima kanikuta nimesimama kimya kakaa benchini kanisubiri, nilipomaliza kaniuliza mbona umeacha kazi, nikamwambia bi mkubwa ilikuwa adhana. Kaniangalia, kaangalia rozari ukutani, akasema, mwanangu kwani umesilimu lini na hatukualikwa?