Naomba ushauri: 183 ikifuatiwa na 180 kwenye SIP, mlio wa kuita autoe nani?

Wakuu, habari za jioni. Nahudumia simu za ofisi ya utalii hapa Njiro, Arusha, zinazopita kwenye intaneti kwa SIP (itifaki ya kuanzisha na kumaliza simu). Tukipiga nje, mtoa huduma anajibu 183 (simu inaendelea kuunganishwa) yenye SDP, yaani maelezo ya jinsi sauti itakavyopita, kisha 180 (simu inaita) isiyo na SDP. Mpigaji anasikia kimya hadi simu ipokelewe. Wengi wanakata wakidhani laini imekufa.

Nimenasa pakiti kwa Wireshark, programu ya kuchunguza data za mtandao. Baada ya 183 sauti inaingia kweli, ila ni pakiti za ukimya mtupu! RFC 3261, waraka wa kiwango cha SIP, sioni ikisema wazi kama 180 ya namna hiyo inafuta sauti iliyotangulia. RFC 3960 ya 2004, kuhusu mlio wa kuita na sauti ya kabla simu haijapokelewa, inasema ukipata 180 na hakuna pakiti za sauti zinazoingia, toa mlio mwenyewe. Zikiingia, cheza hizo. Lakini hiyo ni ya taarifa tu, si kiwango, kwa hiyo mtoa huduma habanwi nayo.

Nikilazimisha mlio kwenye seva yetu, tangazo la "namba haipatikani" nalo linazibwa, na tunalihitaji.

Je, pakiti za ukimya mnazihesabu kuwa sauti inayoingia? Na kwa hali hii mnatoa mlio wenyewe, au mnadai SDP iondolewe kwenye 183? Natanguliza shukrani.